Ukienda Mtera kwa Wavuvi, Nenda na Barafu

Barua tunayoijibu Jumapili hii imetoka Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma. Ameiandika mama wa watoto wanne ambaye mumewe huenda kazini mjini kila siku. Anasema kaya tano za majirani zilikubaliana kuchanga fedha kila mwisho wa mwezi na kumtuma mtu mmoja Mtera, akanunue samaki kwa wavuvi wenyewe, ili kuepukana na bei ya sokoni. Safari ya kwanza ilikwenda vizuri. Safari ya pili kapu lilifunguliwa saa 1 usiku, na harufu iliyotoka humo haikuhitaji maelezo. Nusu ya samaki walitupwa. Waliobaki walikaangwa kwa mafuta mengi, na siku iliyofuata watoto wawili wakaharisha. Tangu hapo majirani hawasemezani vyema. Wapo wanaonong'ona kwamba mjumbe wao alinunua samaki wa bei ya kutupa na kuzitia zilizobaki mfukoni. Mama huyu anauliza mambo mawili: je, warudi sokoni kama zamani? Na je, mjumbe wao ni mwizi?

Tulijibu kwanza swali la pili, maana ndilo linaloumiza. Barua yenyewe inaeleza kwamba mjumbe aliondoka nyumbani asubuhi, akapanda basi la Iringa mjini Dodoma, akafika Mtera karibu na saa 6 mchana, akanunua samaki saa 7 na kurejea jioni. Maelezo hayo yanatosha kumtoa mjumbe katika shutuma. Wavuvi wa nyavu za kutega huzitega jioni na kuzivua alfajiri. Samaki aliyenaswa saa 4 usiku akafia wavuni alikuwa tayari amekufa kwa saa nyingi, katika maji ya uvuguvugu, kabla mtumbwi haujagusa ufuko. Tangu saa 4 usiku ule mpaka kapu lilipofunguliwa Zuzu ni saa 21, na sehemu kubwa ya saa hizo alikuwa juani, au ndani ya basi, bila barafu hata chembe. Hata angenunuliwa na malaika, samaki huyo angeoza.

Watu wengi hudhani kwamba samaki wa mwaloni ni mbichi kwa sababu tu yuko mwaloni. Hilo ndilo kosa lililozigharimu kaya hizi tano. Anayekwenda kwa mvuvi anafuata saa chache za upya ambazo samaki anazo baada ya kufa, na saa hizo hupotea kwa kasi pale pale ufukoni kama zinavyopotea sokoni. Kwa hiyo, ukimkuta mvuvi, usimuulize samaki ametoka majini lini. Kila mvuvi atakwambia asubuhi hii, naye atakuwa amesema kweli. Muulize nyavu zilitegwa saa ngapi, na zilivuliwa saa ngapi.

Sasa, kwa nini mtu wa Zuzu asumbuke na safari ya namna hii? Zuzu ina stesheni ya Reli ya Kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kwa njia hiyo nchi hii ya ukame ilipata dagaa wa Ziwa Tanganyika, waliovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani, wakasafiri ndani ya magunia. Samaki mkavu ni chakula bora, wala hatumdharau. Lakini samaki mbichi hakuwa kitoweo cha kawaida cha Ugogo mpaka mabwawa yalipochimbwa. Bwawa la Hombolo, kaskazini mashariki ya Dodoma, ni la miaka ya 1950. Mtera lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, nalo halikujengwa kwa ajili ya samaki. Lilijengwa kuhifadhi maji kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu; mtambo wa Mtera wenyewe, wa megawati 80, ulianza kazi mwaka 1988. Perege na kambale walizaliana humo, wavuvi wakaja, na vijiji kama Migoli, upande wa Iringa, vikawa mahali pa biashara ya samaki.

Barabara ya lami ya Dodoma hadi Iringa, iliyozinduliwa mwaka 2018, imeufanya mwendo wa Mtera kuwa wa saa chache. Toka Dodoma mjini ni kiasi cha kilometa 130. Serikali nayo ilipohamia Dodoma kwa dhati kuanzia mwaka 2016, mji ulijaa wafanyakazi waliozoea samaki wa Mwanza, wa Tanga na wa Dar es Salaam, na wengi wao wamejenga pembezoni, Zuzu ikiwamo. Si ajabu basi kwamba majirani hufikiria Mtera mshahara unapotoka.

Tuseme wazi jambo ambalo wapenda mwaloni hawapendi kulisikia: kaya moja inayotaka kilo tatu za samaki haina sababu ya kwenda Mtera. Piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani, ushuru kama unatozwa, na siku nzima ya kazi iliyopotea. Ukigawanya gharama hizo kwa kilo tatu, utaona kuwa samaki wako ni ghali kuliko wa mama muuzaji aliyeketi sokoni. Kaya tano zikinunua kilo 30 kwa pamoja ni habari nyingine. Hivyo wazo la majirani wa Zuzu lilikuwa jema. Mpango wa safari ndio uliokuwa mbovu.

Mpango unaofaa ni huu. Waende watu wawili, wala si mmoja, na ikiwezekana mmoja wao awe mwanamke anayewajua samaki jikoni. Waondoke siku ya kutangulia, walale Mtera au Migoli, na saa 12 alfajiri wawe wamesimama mwaloni. Mitumbwi ikifika saa 1, samaki waingie kwenye barafu saa hiyo hiyo. Basi la saa 2 au saa 3 litawafikisha Dodoma kabla ya adhuhuri, na Zuzu wakati jiko bado halijawashwa kwa chakula cha mchana. Kulala huko kuna gharama yake, lakini ni ndogo kuliko ya kutupa kapu zima.

Mwaloni pana adabu yake. Usishuke ufukoni ukaanza kuonyesha kidole mtumbwi huu na ule, kana kwamba kila samaki anayeelea anakusubiri wewe. Katika mialo mingi ya nchi yetu mvuvi amekopeshwa nyavu, au mafuta ya injini, au hata chakula cha familia yake, na tajiri ambaye malipo yake ni samaki. Mzigo unaouona ukiteremshwa huenda umekwisha kuuzwa kabla haujavuliwa. Ukimrubuni mvuvi kwa shilingi chache zaidi ili auvunje mkataba wake, wewe utaondoka na basi, naye atabaki na deni na uadui. Salimu kwanza. Uliza ni nani mwenye samaki wa kuuza. Mara nyingi utaelekezwa kwa mvuvi asiyefungwa na deni, au utauziwa fungu la kitoweo ambalo wavuvi hujigawia. Penye kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, viongozi wake ndio wa kuuliza habari za ushuru na mizani. Mkishapata mtu mnayeelewana naye, chukueni namba yake ya simu: safari ijayo mtamjulisha siku moja kabla, naye atawaambia kama bwawa linatoa au limenuna.

Hapa tungependa kumtetea mtu mwingine pia, yaani mchuuzi. Katika maandishi ya zamani, na mara nyingi hata leo, kila asimamaye kati ya mvuvi na mlaji huitwa mlanguzi. Wapo wanaostahili jina hilo. Lakini yule mama anayenunua ndoo mbili alfajiri, akalipia barafu na gari, akakaa sokoni mpaka jioni na kumkopesha jirani mpaka mwisho wa mwezi, anafanya kazi ambayo mjumbe wa Zuzu aliifanya siku moja tu ikamshinda. Siku ambazo hamwendi Mtera, nunueni kwake, mkijua mnalipia nini.

Tuje kwenye samaki mwenyewe. Perege aliye mpya ana jicho lililojaa na kung'aa, wala halijazama na kufunikwa ukungu. Fungua kifuniko cha shavu: matamvua yawe mekundu mabichi, yakiwa na rangi ya udongo au yamejaa ute mzito, mrudishe. Bonyeza ubavu kwa kidole. Nyama iliyo hai hurudi, iliyochoka hubaki na shimo. Magamba yawe yameshika. Tumbo liwe zima, maana tumbo ndilo linalotangulia kuharibika. Samaki aliyekufa karibuni huwa amekakamaa kama kipande cha ubao, hata ukimshika kichwani mkia wake hauinami. Mwisho ni harufu: samaki mpya hunuka maji na majani ya bwawa. Usikubali kuharakishwa na mtu anayekwambia mwenzako anangoja. Na usinunue fungu kwa kutazama wa juu tu. Pindua, tazama wa chini, kwani huko ndiko wa jana hulazwa.

Kambale ana habari yake mwenyewe, na kwa mtu asiye na barafu ndiye rafiki. Samaki huyu amejaliwa kiungo cha kuvutia hewa, hivyo anaweza kukaa nje ya maji kwa saa kadhaa akiwa hai, mradi ngozi yake isikauke. Mchukue mzimamzima katika ndoo yenye maji kidogo, ufunike kwa gunia lililoloweshwa, na ufungue njia ya hewa. Atafika Zuzu anatikisa mkia, na hakuna kipimo cha upya kinachoushinda mkia unaotikisika. Wapo wanaomkataa kambale kwa sura yake na sharubu zake. Hiyo ni shauri yao; bei yake aghalabu huwa nafuu kwa sababu hiyo hiyo.

Perege, kwa upande wake, hawezi kusafiri bila barafu. Kipimo kinachofuatwa katika nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na safari ikiwa ndefu barafu izidi. Usitegemee kuipata mwaloni. Itengeneze nyumbani siku mbili kabla: gandisha maji safi katika mabakuli na ndoo ndogo kwenye friji za majirani wote watano, kisha vunja mabonge kwa nyundo ndani ya gunia safi. Chupa za maji zilizogandishwa zinasaidia, lakini barafu iliyovunjwa ndiyo inayomgusa samaki pande zote. Kwa chombo, deli kama lile la wauza aiskrimu ndilo bora. Asiye nalo achukue ndoo kubwa yenye mfuniko, aizungushie blanketi kuukuu. Pale pale mwaloni samaki wapasuliwe, watolewe matumbo na matamvua, waoshwe kwa maji safi mliyokwenda nayo, kisha wapangwe: barafu chini, samaki, barafu, samaki, na barafu juu. Toboa tundu dogo chini ili maji ya damu yatoke, na weka beseni la kuyakinga, maana abiria wenzenu nao wana nguo. Na chombo kikae kivulini, kamwe kisifungwe juu ya paa la basi.

Wasomaji wanaokwenda Dar es Salaam kwa kazi wakarejea na samaki wa Feri wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto hujenga sumu ndani ya nyama ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Mlaji huwashwa, uso humwiva na kichwa humgonga. Kwa safari ya kilometa zipatazo 450, aliyegandishwa kama jiwe na kufungwa vizuri anafaa. Aliyenunuliwa mnadani akatiwa kwenye mfuko chini ya kiti hafai, hata kama alikuwa anang'aa kama sarafu alipouzwa.

Liko jambo moja ambalo mama wa Zuzu hakuliuliza, nasi tunaliongeza kwa kuwa barua yake inasema safari ya kwanza walipata "perege wadogo wengi kwa bei rahisi sana." Mama, perege jike huyalea mayai yake na watoto wake ndani ya kinywa. Anayevuliwa kabla hajafika umri wa kuzaa hakuliachia bwawa kitu. Kwa Ziwa Victoria kanuni zimekataza sato aliye chini ya sentimeta 25, na sangara aliye chini ya sentimeta 50. Ukubwa huo wa sato ni kipimo kizuri cha kukumbuka popote uendapo. Samaki wa kidole kimoja, waliolundikwa kwa ndoo, aghalabu wamekokotwa kwa kokoro au wamenaswa kwa nyavu za matundu madogo, na zana hizo haziruhusiwi. Mvuvi huvua kinachonunuliwa. Mlaji wa mjini anayemlaumu mvuvi kwa kumaliza samaki, huku yeye mwenyewe akichagua ndoo ya wadogo kwa kuwa ni rahisi, aitazame ndoo yake kwanza.

Mtera si bahari, tena si bwawa la kina kirefu. Wanaoishi Dodoma wanakumbuka mwaka 2006, maji yaliposhuka mno hata nchi nzima ikaingia katika mgao wa umeme. Maji yakipungua, ufuko husogea mbali na mwalo huhama. Mlikonunua mwezi huu huenda kukawa na nyasi tupu msimu ujao. Ndiyo maana tumesisitiza namba ya simu ya mvuvi. Na tahadhari kwa wanaokwenda na watoto kutembea: humo mna mamba na viboko. Mtoto asichezee ukingoni wala asitumwe kuosha samaki majini.

Turudi kwa majirani watano na manung'uniko yao. Mjumbe aombwe radhi, na iwe mbele ya wote walionong'ona. Kisha fedha ziwekewe utaratibu. Samaki wapimwe kwa mizani mbele ya wajumbe wote wawili, na kwenye daftari iandikwe idadi ya kilo, bei ya kilo, nauli, malazi na ushuru. Zuzu wapimwe tena kwa mizani ya dukani. Uzito utakuwa umepungua, kwa sababu matumbo yametolewa. Jambo hilo lielezwe mapema ili lisizue ugomvi mpya. Mgawo ufanywe kwa kilo, wala si kwa kuhesabu vichwa, na kila kaya ipate wakubwa na wa kadiri. Wajumbe wabadilike kila mwezi. Aliyewahi kusimama mwaloni saa 12 alfajiri akipigwa na upepo wa bwawa hatakuwa mwepesi wa kumwita mwenziwe mwizi.

Na kuhusu watoto walioharisha: kukaanga kwa mafuta mengi hakumfufui samaki aliyeoza, kunaificha harufu tu. Akishanuka, achimbiwe shimo mbali na nyumba, hata kama fedha zake zinauma. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa sawasawa, au yale ya pakiti kutoka zahanati, na akilegea au akitoa damu apelekwe kwa mganga bila kungoja asubuhi.

Siku samaki wanapofika salama, wapikwe wa usiku ule kwa namna isiyowafunika. Wapake chumvi na ndimu kwa nusu saa, ndimu itaondoa ladha ya tope ambayo samaki wa bwawa huwa nayo. Wachemshe chukuchuku kwa kitunguu, nyanya na pilipili nzima isiyopasuliwa. Au, kwa kuwa tuko Dodoma na karanga hazitupi tabu, saga karanga mbichi, zikoroge kwa maji, mimina juu ya samaki aliyekwisha kuiva nusu, na uache moto mdogo mpaka mafuta yaelee. Ugali wa uwele unakubaliana na mchuzi huo kuliko wa sembe. Waliobaki wasikae katika barafu iliyoyeyuka. Wasiokuwa na friji wawakaange wakauke, au wawapasue mgongoni, wawatie chumvi ya kutosha na kuwaweka juu ya moshi usiku huo huo. Wakikauka vizuri watafika Jumapili nyingine. Vichwa visitupwe. Supu ya kichwa cha perege, yenye ndimu na pilipili manga, ndiyo ya kwanza kupelekewa wajumbe waliosafiri.